Kijivu cha mkaa au krimu? Rangi za nje kwa nyumba ya Lodwar

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, ninajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Lodwar. Kuta ni za mawe, tumefika kwenye lenta, mabati bado sijanunua. Kaka yangu anayeishi Nairobi ananishauri nipake kuta zote kijivu cha mkaa na juu niweke mabati ya maruni, kwa sababu ndizo rangi za nyumba za kisasa. Fundi wangu anasema nipake krimu. Krimu siitaki hata kidogo: shule ni krimu, zahanati ni krimu, kituo cha polisi ni krimu. Tena nimesoma kwamba Arizona kule Marekani, ambako ni jangwa kama kwetu, watu hupaka rangi za udongo zilizokolea. Nani yuko sahihi? Chumba changu cha kulala kiko upande wa magharibi.

Jibu: Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua mabati. Wengi huniuliza ndoo za rangi zikiwa tayari zimepangwa uani, na hapo mtu hana tena la kuchagua.

Kijivu cha mkaa usikipake kwenye ukuta wowote unaopigwa na jua, na maruni usiiweke juu ya paa. Lakini pia hulazimiki kuishi kwenye nyumba inayofanana na zahanati. Kila mahali panapopigwa na jua pape rangi hafifu. Zile rangi kali unazozipenda zipeleke kivulini: kwenye ukuta wa ndani ya baraza, kwenye mlango, kwenye nguzo zilizofunikwa na paa. Huko hazitapauka, hazitakupikia chumba, na jicho litazifurahia kwa sababu litakuwa limepumzika kutoka kwenye mwanga mkali.

Sasa nikueleze kwa nini, maana kaka yako atakuuliza na itabidi uwe na majibu.

Lodwar iko kama nyuzi 3 kaskazini ya ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu. Joto la mchana huzunguka nyuzi 35 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na mwezi wa Julai watu huvaa makoti na jua huweza kufichwa na mawingu siku nzima. Ukuta wa kijivu cha mkaa kule haumuumizi mtu. Ushauri wa kaka yako ni mzuri kwa mtaa anaoishi, ila haukufai wewe.

Nishati ya jua inayotufikia si mwanga peke yake. Takriban asilimia 5 ni miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo huichakaza rangi. Asilimia 43 hivi ni mwanga tunaouona. Iliyobaki, ambayo ni kama nusu nzima, ni miale ya infraredi ambayo jicho haliioni. Yote ikinyonywa na ukuta hugeuka joto. Rangi nyeupe nzuri ikiwa mpya hurudisha kama asilimia 80 ya nishati hiyo. Krimu hafifu hurudisha 70 hivi, rangi ya mchanga mwepesi 55 hadi 60, nyekundu ya kigae kama 35. Kijivu cha mkaa hurudisha 10 au pungufu, kingine chote kinabaki ukutani kwako.

Tufike kwenye chumba chako cha kulala, maana hapo ndipo rangi itakapokulipa au kukutoza. Kwa saa zetu, jua la Lodwar hufika kilele karibu saa sita na nusu mchana na kuzama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Ina maana ukuta wa magharibi huangaliana nalo kwa zaidi ya saa tano kila siku, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyoupiga usoni. Joto halivuki jiwe papo hapo. Ukuta wa unene wa sentimita 20 hulichelewesha kwa saa tano au sita hivi. Kwa hiyo kile ukuta ulichonyonya saa kumi jioni kinakufikia kitandani saa nne usiku, wakati hewa ya nje imeshaanza kupoa na wewe umerudi kutoka zamu unataka kulala. Watu hulaumu usiku wa Lodwar kuwa na joto, kumbe ni ukuta unaotoa akiba ya mchana.

Usinisadiki kwa maneno tu. Omba ruhusa kwa jirani wawili, mmoja mwenye ukuta wa nje wa rangi nzito na mwingine wa rangi hafifu, nyumba zote mbili ziwe za mawe. Nenda saa tatu usiku, ingia chumba cha magharibi, uweke kiganja ukutani usawa wa kifua. Kwenye ukuta hafifu utahisi uvuguvugu. Kwenye ule mzito utahisi joto linakuja kukutana na mkono kabla hujaugusa, na ukiusogeza mkono kuelekea ukuta wa kati wa chumba utahisi tofauti mara moja. Mteja akishafanya hivyo, mara nyingi hahitaji tena hotuba yangu.

Uliuliza kuhusu kuta, lakini ningekuwa simtendei haki mtu wa Lodwar kama ningeliacha paa. Karibu na ikweta paa ndilo hupigwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa, na hata mwezi wa Juni au Desemba linapoegemea upande mmoja bado liko juu sana. Mchana wa jua kali kila mita ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000. Paa la mita za mraba 100 linapokea takriban kilowati 100, sawa na majiko 50 ya umeme ya kilowati 2 yaliyowashwa kwa pamoja juu ya dari yako. Maruni hunyonya kama robo tatu ya hizo. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, ambao wamepima mapaa kwa miongo mingi, wanaeleza kwamba alasiri ya kiangazi paa jeupe safi linalorudisha asilimia 80 ya jua hubaki na joto pungufu kwa takriban nyuzi 31 za Selsiasi kuliko paa la kijivu linalorudisha asilimia 20. Nyuzi 31, dada yangu, na gharama ya mabati ni karibu ile ile.

Kwa hiyo ukienda kununua, uliza mabati ya rangi nyeupe, ya mchanga au ya kijivu hafifu sana. Yaliyojaa madukani ni maruni, kijani, buluu na kijivu cha mkaa, na huenda ukaambiwa rangi hafifu ni ya kuagiza. Agiza, usubiri. Wiki chache za kusubiri si kitu mbele ya paa utakaloishi chini yake miaka ishirini.

Kuna watakaokuambia mabati ya kawaida yasiyopakwa yanatosha kwa vile yanang'aa. Ni kweli kwamba yakiwa mapya yanarudisha jua vizuri, lakini yana kasoro isiyoonekana: zinki inayong'aa haitoi joto kwa urahisi. Kile kidogo kilichonyonywa hubaki humo na kushuka kwako. Rangi, hasa nyeupe, hurudisha jua mchana na pia huachia joto angani usiku, na anga kavu lisilo na mawingu kama la Turkana hulipokea joto hilo haraka sana. Mabati yakizeeka yakaanza kutu, hata ule uzuri wa kurudisha jua hupotea. Ukiamua kuyapaka mwenyewe, yaoshe kwanza kwa sabuni uondoe mafuta ya kiwandani, upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati ya zinki, ndipo uweke rangi ya akriliki ya paa. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hujibizana nayo na kutengeneza utando kama sabuni katikati, kisha hubanduka vipande vizima. Na kama utakinga maji ya mvua ya kunywa, mwambie muuza rangi tangu mwanzo, akupe inayofaa kwa kazi hiyo.

Dari iwepo, na nafasi kati ya dari na mabati iwe na matundu ya kupitisha hewa pande mbili. Fundi wako anajua.

Kuhusu Arizona, ulichosoma ni kweli, ila sababu zao si zako. Mji wa Sedona, kwa mfano, una kanuni inayozuia rangi za nje zinazoakisi mwanga zaidi ya asilimia 38. Nia ni kwamba nyumba zisishindane na miamba myekundu ambayo watalii huja kuitazama. Hiyo ni kanuni ya mandhari, haihusiani na joto la chumbani. Nyumba nyingi kule zina kuta zilizojazwa vifaa vya kuzuia joto na kiyoyozi kinachofanya kazi kiangazi chote. Tena wana majira ya baridi, na Sedona kwenyewe theluji huanguka. Wewe huna baridi ya kujikinga nayo hata mwezi mmoja.

Kama unatafuta watu wa jangwani wa kuigwa, tazama Muscat huko Oman, mji ambao Waswahili wengi wanaufahamu. Kuanzia majumba ya zamani hadi majengo mapya, kuta ni nyeupe au za rangi ya mchanga, na manispaa yenyewe imelisimamia jambo hilo kwa kanuni. Au tazama Ghardaïa, katika bonde la M'zab huko Algeria, kwenye Sahara, mahali palipoandikishwa na UNESCO mwaka 1982. Nyumba zimebanana mlimani zikiwa na rangi nyeupe, ya mchanga, waridi hafifu na samawati hafifu. Hakuna mtu anayeitazama Ghardaïa akasema inafanana na kituo cha polisi.

Na hapo nafikia hoja yako ya krimu, ambayo naiheshimu. Nadhani kinachokuchosha si wepesi wa rangi. Kinachochosha ni ile krimu ya manjano, yenye mng'aro wa mafuta, iliyopakwa sawa kila upande kuanzia juu hadi chini, na mkanda mmoja wa kahawia miguuni. Manjano ni rangi inayokuzwa sana na ukubwa: kwenye kadi ya dukani inaonekana ya upole, ikitandazwa kwenye ukuta wa mita nane inakuwa uji wa mahindi. Dawa yake ni kuchagua rangi hafifu zilizotiwa kijivu au kahawia kidogo badala ya manjano. Kwenye kadi zitaonekana kama zimezubaa, karibu chafu. Usiogope. Jua la huko hula nusu ya rangi yoyote, na ile iliyozubaa dukani hutoka nje ikiwa nyeupe safi yenye utulivu.

Nyeupe kabisa nayo sikushauri kwa kuta. Inarudisha joto kuliko zote, lakini umezungukwa na mchanga mtupu unaong'aa, na ukuta mweupe pepe saa nane mchana utakufanya ukunje uso kila ukitoka mlangoni. Utamrushia jirani mwanga dirishani, na kila tone la tope litaandikwa juu yake. Paa ndilo liwe jeupe kabisa, kwa sababu hakuna anayelitazama kutoka juu.

Watengenezaji wengi wa rangi huandika kwenye kadi au kwenye kitabu cha dukani namba yenye herufi LRV. Ni kipimo cha mwanga unaorudishwa, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe. Kinapima mwanga unaoonekana tu, ile nusu ya infraredi hakiihesabu, lakini ni mwongozo mzuri na hauhitaji kifaa chochote. Kuta zako zinazopigwa sana zitafutie rangi yenye LRV ya 70 hadi 80. Ikizidi 85 macho yataumia, ikishuka chini ya 50 chumba kitakuambia.

Si kuta zote zinapigwa sawa, na hapa ndipo unapopata uhuru wa kucheza. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauokolewi na paa, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huingia kwa chini. Saa kumi jioni, paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta wa magharibi linaufunika kama nusu mita tu kutoka juu. Ukuta wa kusini ni tofauti: paa hilo hilo, adhuhuri ya Desemba ambapo jua limeegemea kusini kuliko wakati wowote, linaufunika kama mita 1.2. Wa kaskazini mwezi wa Juni unafunikwa kama mita 1.6. Ukitokeza paa mita nzima, kuta hizo mbili zinakuwa kivulini karibu zote wakati wa mchana mkali. Basi ukiwa bado hujaezeka, mwombe fundi atokeze paa zaidi, ikiwezekana mita moja, na alifunge barabara kwa sababu ya upepo. Hakuna rangi inayoshinda kivuli.

Ningekuwa ninaipaka nyumba yako, ningefanya hivi. Magharibi na mashariki, nyeupe iliyotiwa kijivu na kahawia kidogo, LRV karibu 75. Kaskazini na kusini ningeshuka hatua moja au mbili kwenye kadi ile ile, rangi ya mchanga wa mto Turkwel ukiwa mkavu, LRV 60 hivi. Tofauti hiyo ndogo huipa nyumba umbo, jicho linaona pembe badala ya boksi. Chini kabisa, kuanzia ardhini hadi sentimita 60 au 70, ningepaka rangi ya udongo wa kiwanja chako mwenyewe. Mvua ya Lodwar ni haba lakini ikija huja kwa kishindo na kurusha tope ukutani, na upepo hubeba vumbi na kulibandika hapo hapo. Chukua konzi ya udongo, uuweke kwenye mfuko mweupe, uende nao dukani na kuulinganisha na kadi. Ukanda wenye rangi ya udongo wa mahali hapo hauonekani kuchafuka, na tena haufanani na ule wa kahawia wa shule.

Kisha baraza. Ukuta wa ndani ya baraza, ule wenye mlango mkubwa, ni wako kabisa. Kijivu cha mkaa cha kaka yako kiweke hapo, mlango uwe wa rangi ya kutu au buluu nzito, na upande wa chini wa paa la baraza uwe mweupe ili mwanga usife. Mgeni anayekuja kutoka kwenye mwanga ule ataiona rangi hiyo kwa kina chake chote, jambo ambalo asingeliona kama ingekuwa juani. Kama mlango wa baraza ni wa chuma, hakikisha jua la jioni haliufikii; mlango wa chuma mweusi uliopigwa na jua huunguza mkono wa mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo, geti na fremu za madirisha ya magharibi zifuate rangi ya ukuta.

Ukipenda rangi fulani kwa dhati, angalia imetengenezwa na nini kabla ya kuitia juani. Rangi za udongo, yaani nyekundu ya kutu, manjano ya ngeu na kahawia, hutokana na oksidi za chuma, na jua haliziwezi. Ni madini ambayo yameshakaa juani tangu zamani. Zinazoaibika haraka ni nyekundu za kuwaka, waridi kali, zambarau na manjano ya limau, ambazo nyingi hutokana na kemikali za kaboni ambazo urujuanimno huzivunja. Miaka miwili, mitatu, upande wa magharibi umechujuka na wa kaskazini uko vilevile, na nyumba inaonekana imeunganishwa kutoka nyumba mbili. Kuna jambo jingine ambalo muuza rangi hasemi: rangi nzito huchanganywa kwenye ndoo ya msingi isiyo na nyeupe ya kutosha. Ile nyeupe, titani dioksidi, hunyonya urujuanimno na kuukinga utando wa rangi. Rangi hafifu hutoka kwenye ndoo iliyojaa kinga hiyo. Kwa hiyo hafifu haikupozi tu, hudumu pia, na hata ikipauka kidogo hakuna atakayegundua.

Aina ya rangi iwe ya maji, akriliki ya nje yenyewe, si ile ya ndani iliyoandikwa upya kwa kalamu. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa juani hukauka ikawa kavu kama ganda na kupasuka. Mng'aro uchague wa chini, si wa kufifia kabisa: ukuta wa kufifia kabisa hushika vumbi kama kitambaa, na wa kung'aa sana huonyesha kila wimbi la plasta. Ule unaoitwa silki au ganda la yai, unaooshika kwa maji na brashi laini, unatosha.

Kabla hujanunua ndoo kubwa, nunua kopo dogo la kila rangi unayoifikiria, paka vipande vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, mikono miwili. Usipake moja kwa moja ukutani, rangi ya jirani yake itakudanganya. Vipeleke kila upande wa nyumba, uvitazame saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ukiwa umesimama mbali hatua ishirini. Taa za dukani hazisemi ukweli, na kadi ndogo haisemi ukweli pia. Tia na kipande kimoja cha kijivu cha mkaa, kiegemeze magharibi karibu na kile cheupe, na saa kumi jioni uviguse vyote viwili. Mpigie kaka yako picha na umweleze ulivyohisi.

Kazi yenyewe ina mitego ya huko. Plasta ikauke angalau wiki nne kabla ya rangi, kwa sababu saruji mpya ina magadi yanayoila rangi na kuiachia madoa. Na kukauka si kuachwa iungue: wiki ya kwanza inyweshe maji kila siku, asubuhi na jioni, ifunikwe magunia upande wa upepo. Plasta iliyokauka kwa upepo wa Turkana ndani ya siku mbili itajaa nyufa za nywele, na rangi hafifu hazizifichi. Kama maji unayotumia ni ya kisima chenye chumvi, utaona unga mweupe ukichipuka ukutani baada ya wiki kadhaa. Usiupake rangi juu yake. Usugue kwa brashi kavu, subiri, usugue tena hadi usirudi, kisha upake praima ya kukinza magadi.

Usikubali fundi apake ukuta unaopigwa na jua wakati huo. Makopo mengi yanasema mwisho ni nyuzi 35, na ukuta wa juani huko huzipita mapema sana. Rangi hukauka juu kabla haijashika chini, inaacha michirizi ya rola na baadaye malengelenge. Zungukeni na kivuli: magharibi asubuhi, mashariki alasiri. Upepo wa kusini mashariki huwa na nguvu asubuhi, kwa hiyo nyunyizeni maji kidogo ardhini kuzunguka sehemu mnayopaka ili vumbi lisiruke kwenye rangi mbichi. Simamia pia maji yanayotiwa kwenye ndoo. Kwenye joto fundi huvutiwa kuizimua ili iteleze, na rangi iliyozimuliwa kupita maandishi ya kopo huacha utando mwembamba ambao jua litaumaliza mapema. Ndoo zote za rangi moja zinunuliwe siku moja, zichanganywe pamoja kwenye pipa, na namba ya rangi iandikwe kwenye kifuniko kimoja unachokiweka kabatini.

Kwa ukuta wa uzio, usimwage pesa za akriliki. Chokaa ya kupaka inatosha, ile ile iliyopaka miji ya pwani kwa karne nyingi. Loanisha ukuta kwanza, paka mikono mitatu myembamba jioni, loanisha tena kesho yake. Itaacha weupe kwenye nguo ya anayeiegemea, na kila baada ya msimu au miwili utairudia, lakini ni rahisi na haibanduki.

Nyumba ikishakamilika, ioshe vumbi kwa maji na brashi laini mara moja kwa mwaka baada ya mvua, kuanzia na ukuta wa magharibi na paa, kwa sababu paa jeupe lililofunikwa na vumbi la kahawia linarudi kunyonya jua. Maji ya kuoshea vyombo mara ya mwisho yanafaa kwa kuta. Kila mwaka pitisha kiganja kwenye ukuta wa mashariki na wa magharibi: kikitoka na unga kidogo ni kawaida, kikitoka cheupe kama umeshika chaki, ni wakati wa kupaka mkono mmoja upande huo peke yake. Namba ya rangi unayo kabatini, na kuta za kaskazini na kusini zitasubiri miaka mingine kadhaa.